Kujitolea kwa wanyama waliojeruhiwa: si lazima uwe daktari

Dada, umeuliza kama mtu asiyesomea udaktari wa mifugo anafaa kwenye makao ya wanyama waliojeruhiwa au kuteswa. Anafaa sana, maana kazi nyingi pale si ya sindano. Ni kuzoa mavi, kubadilisha maji, kufua matambara, na kukaa. Naam, kukaa tu. Mbwa aliyezoea kupigwa hataki kukumbatiwa; keti chini ubavu-ubavu, usimkazie macho, mwache aje mwenyewe akunuse. Yaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kabla ya yote, pata chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali, hata kama ulishachanjwa. Na paka mwenye maumivu usimpe parasetamoli hata robo kidonge, inaua.

Umesema unahamia Lamu. Basi huko ni punda! The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza la kutunza punda, walifungua kituo pale 1987 na wanatibu bure, kaulize kama wanapokea wasaidizi. Vidonda vingi vya punda wa mizigo hutokana na shogi (matandiko ya kubebea mizigo) na kamba zinazosugua, kwa hiyo kupaka dawa bila kubadilisha matandiko ni kutwanga maji kwenye kinu. Itabidi uzungumze na mwenye punda, tena kwa upole. Ukimwita katili mbele za watu, kesho hatamleta punda wake.