Kuomba na kutoa msaada katika wodi ya wazazi: kwa wauguzi wakunga wapya

Ninyi mnaoripoti wodi ya wazazi kwa mara ya kwanza mtapewa maelekezo mengi kuhusu dawa, vifaa na ratiba ya zamu, lakini jambo ninalotaka mlishike kabla ya yote ni kuomba msaada mapema, wakati bado unaweza kufaa. Mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida akipoteza mililita 500 za damu huhesabiwa kuwa anatokwa na damu kupita kiasi, na kiasi hicho hujificha kirahisi ndani ya khanga na mashuka. Mkunga anayengoja apate uhakika kwanza ndipo aite, kwa kuogopa kuonekana hajui kazi, anatumia dakika ambazo si zake bali za mama aliye kitandani. Atakayeitwa akakuta damu imekwisha kukatika hajapoteza kitu.

Namna ya kuomba nayo hujifunzwa. Kilio cha "njooni jamani" humleta mtu asiyejua ashike nini, ilhali maneno machache yaliyopangwa humleta akiwa tayari: "Dada, mama wa kitanda cha nne amejifungua robo saa iliyopita, damu haikatiki, nimemchoma oksitosini uniti 10, naomba uje uweke dripu huku nikisugua mfuko wa uzazi."

Msidhani kwamba uzoefu huondoa haja hiyo. Katika kifafa cha mimba, dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kwenye mshipa ni gramu 4 katika myeyusho wa asilimia 20, na dawa ikija ikiwa ya asilimia 50 inabidi kuchukua mililita 8 na kuziongezea mililita 12 za maji ya sindano. Hesabu hii ni nyepesi darasani, lakini usiku wa manane, mama akiwa katika degedege na ndugu zake wakilia mlangoni, yeyote anaweza kuikosea, na dawa hii ikizidi huweza kusimamisha pumzi. Ndiyo maana hadi leo humwomba mwenzangu asome lebo kwa sauti na kuirudia hesabu, hata kama aliye karibu ni mwanafunzi wa mazoezi.

Kutoa msaada ndiko kunakodai unyenyekevu zaidi, na hili nawaambia mapema kwa sababu baada ya muda mfupi ninyi ndio mtakaoitwa. Anayefika na kuuliza mbele ya mgonjwa, "Chuoni mlifundishwa nini?", amemfundisha mwenzake kutomwita tena, na atakayelipa ni mama mwingine, siku nyingine. Ukiitwa, uliza unachohitajika kufanya, ukifanye, na kama hakuna hatari mwache aliyekuita aendelee kuongoza kazi hadi mwisho. Ya kusahihishana yazungumzwe baadaye, faraghani, na kwa upole.

Wapo wanaoyachukulia haya kuwa adabu tu, isiyohusiana na tiba. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, ambayo pamoja na mengine inamtaka kila aliyemo katika chumba cha upasuaji ataje jina lake na kazi yake kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara hapa kwetu Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ile ina hatua nyingi, kwa hiyo kujitambulisha hakuwezi kupewa sifa yote. Hata hivyo naamini kwamba muuguzi aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya daktari bingwa huona wepesi zaidi kumwambia asubiri, kuna pamba haijahesabiwa.

Mwisho wa zamu, andikeni katika faili saa mliyoita msaada na saa msaada ulipofika. Makabidhiano yafanyeni kando ya kitanda cha mama, mkianza na yale mliyoshindwa kuyakamilisha, ili anayepokea ajue pa kuanzia.