Maswali na Majibu: Sauti Zinazogongana Kwenye Konsatina

SWALI: Mwalimu, marehemu babu yangu aliyekuwa mfuasi wa Jeshi la Wokovu aliniachia konsatina (kinanda kidogo cha mkononi chenye mvukuto) ya aina ya Anglo yenye vitufe 20, safu moja ya C na nyingine ya G. Ninapoicheza kanisani, mara kidole hugusa kitufe cha jirani, mara ninachelewa kugeuza mvukuto, na sauti hugongana. Hivi karibuni mzee mmoja aliniambia kwamba pale nilipokosea ndipo wimbo ulipomgusa. Je, niendelee kuyaondoa makosa haya au niyatumie? Tena nitajuaje kama kosa ni la kidole au ni la chombo? — Msomaji, Kakamega

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la mwisho, kwa maana chombo kibovu hakina cha kukufundisha kabla hakijatengenezwa. Ndani ya konsatina yako kila kitufe kinafungua tundu lenye ndimi mbili za chuma, mmoja ukilia unaposukuma na mwingine unapovuta, kila mmoja kwa noti yake. Kwa hiyo noti ikikoroma upande mmoja tu, huenda ulimi huo una vumbi au kutu, na ikiharibika pande zote mbili, chunguza kizibo na wenzo wake. Huku kwetu Kisumu unyevu wa ziwa huvimbisha mbao na kuubana ulimi hadi ukanyamaza, ilhali katika kiangazi cha Januari mbao hunywea na hewa ikaanza kuvuja. Hayo ni ya fundi. Lakini kama noti zote zinalia safi zikichezwa mojamoja, na mgongano unatokea zinapolia pamoja tu, basi chombo ni kizima na sasa tunazungumza muziki.

Chombo chako ni cha ukoo wa konsatina aliyoiunda Carl Friedrich Uhlig huko Chemnitz, Ujerumani, mwaka 1834. Ile ya Kiingereza, ya Charles Wheatstone, hutoa noti ileile ukisukuma au ukivuta, na ndiyo maana ajali unayoieleza ya kuchelewa kugeuza mvukuto haiwezi kumpata mwenye chombo hicho. Bonyeza vitufe vyote vitano vya safu ya C upande wa kushoto, kisha vuta: utasikia so, ti, re, fa na la kwa pamoja (hapa do ni C), sauti nzito iliyojaa mvutano, kwa kuwa fa na ti hazitulii zikikaa pamoja. Sasa, bila kuinua hata kidole kimoja, sukuma. Fa inashuka kwenye mi, ti inapanda kwenye do, na kordi nzima ya do inakaa mahali pake. Mimi niligundua jambo hili nikiwa ninapima chombo cha mteja, nikabana vitufe vingi kuliko nilivyokusudia, na nikasimama kazi kwa muda nikivuta na kusukuma tu. Unapochelewa kugeuza mvukuto, unarefusha ule mvutano na kuahirisha utulivu. Ninaamini hicho ndicho alichokisikia yule mzee.

Si kila mgongano unaofika nyumbani kwa urahisi namna hiyo. Upande wa kulia, ukihesabu vitufe kuanzia wa sauti nzito kwenda nyembamba, ukisukuma kitufe cha nne cha safu ya C pamoja na cha pili cha safu ya G, unapata do na ti zilizo nusutoni tu kutoka kwa kila moja, na mawimbi yake hupishana takriban mara 59 kwa sekunde, jambo ambalo sikio hulipokea kama mkwaruzo. Iache ile do ya juu, uchukue do ya kitufe cha kwanza, oktava moja chini yake, na ti uiache palepale: mkwaruzo unalainika, inabaki sauti ya kutamani kitu. Kabla ya kuitupa noti uliyoikosea, basi, ijaribu katika oktava nyingine.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi, nayo ni kushikilia so ya chini muda wote wa wimbo. Kwenye chombo chako noti hiyo ipo pande zote mbili: kitufe cha pili kushoto ukisukuma, cha kwanza ukivuta, hivyo kidole cha pete na kidole cha mwisho hupokezana tu. Wimbo unapopita juu yake, noti nyingine zitaigonga na nyingine zitakubaliana nayo, na masikio ya huku Magharibi na Nyanza hayashtuki kwa hilo. Mpigaji wa orutu, fidla ya Waluo, hutelezesha kidole kwenye uzi wake mmoja na kupita katikati ya noti zako. Wewe shikilia so, umwache aegemee anapotaka. Wapigaji wa maskandi, muziki wa Wazulu wa Afrika Kusini, wamefika mbali zaidi, kwani wamekuwa wakibadilisha ndimi za konsatina ili zifuate sauti wanazozitaka wao.

Kwa mazoezi, rekodi kwa simu kila unapocheza. Ukisikia ajali inayokuvutia, itafute siku hiyohiyo: vitufe vipi, mvukuto ulikuwa unaenda wapi, na noti gani ilifuata. Irudie mara kumi kwa makusudi. Kama huwezi kuipata tena, au kila unapoipata hujui pa kuipeleka, usiipeleke kanisani bado.

Na huko kanisani, waimbaji wanachukua sauti kutoka kwako. Wanapoimba beti, wape kordi iliyo wazi, hasa kwenye noti ya kwanza ya kila mstari. Ule mvuto wa vitufe vitano uweke mwishoni mwa ubeti, wakati wanavuta pumzi, kisha usukume wanapofungua midomo.