Kingamwili za dengi kwa mtu asiyewahi kuugua

Dada yetu wa Malindi, umeuliza imekuwaje maabara ikukute na kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupigana na ugonjwa) za homa ya dengi, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ilhali hukumbuki kuugua, na kama unahitaji dawa. Dawa huhitaji, na yaelekea maabara haikukosea. Takriban watu watatu kati ya kila wanne wanaoambukizwa dengi ama hawaoni dalili yoyote, ama hupata homa nyepesi ambayo sisi watu wa pwani huidhania malaria, tukameza parasetamoli ikapita.

Hapa Lamu, wakati wa mlipuko wa 2021, mpwa wangu alishikwa na homa kali, viungo vikamuuma na macho yakawa kama yanasukumwa kutoka ndani, huku sisi tuliokuwa tukimuuguza tukiwa wazima kabisa. Baadaye tulipokwenda kupimwa sote, nilikitazama kwa makini kile kibao kidogo cha kipimo cha damu ya mama yangu, ambacho herufi zake G na M ni za aina mbili za kingamwili: mstari wa herufi C, unaoonyesha kwamba kipimo chenyewe ni kizima, ulitokea, na wa G ukatokea mwekundu wazi, lakini pa M palibaki peupe. Kingamwili za M hutokea siku chache baada ya homa kuanza na kwa kawaida hufifia baada ya miezi miwili au mitatu, ilhali za G hukaa miaka mingi. Kwa hiyo mama aliwahi kuambukizwa, ila kibao hakisemi lini. Kwa umri wake, huenda ni tangu 1982, dengi ilipozuka huko kwenu Malindi na Kilifi.

Jambo moja ulichunguze kwanza: kama uliwahi kuchanjwa homa ya manjano kwa ajili ya safari, mwambie daktari, kwa kuwa virusi vya magonjwa haya ni vya ukoo mmoja na kipimo cha G huweza kuvichanganya.

Umeuliza pia kama wingi wa kingamwili ni kinga, na hapa ndipo ninapokuomba usome kwa utulivu. Virusi vya dengi viko vya aina nne. Ukiambukizwa aina moja, unakingika nayo kwa muda mrefu sana, lakini kinga dhidi ya nyingine tatu ni ya miezi tu. Baada ya hapo kingamwili zilizosalia, zikiwa hazitoshi kukiua kirusi cha aina nyingine, huweza kukishika na kukiingiza ndani ya seli kwa urahisi zaidi. Kuba ilipatwa na aina ya kwanza mwaka 1977, kisha aina ya pili mwaka 1981, na waliozidiwa mwaka huo wa pili wengi wao walikuwa wale waliokwisha kuambukizwa ile aina ya kwanza. Kwa watoto wa Nikaragua ilionekana kwamba hatari ya kuzidiwa ilikuwa kubwa kwa wenye kingamwili za kiwango cha kati, si kwa wasio nazo wala kwa wenye nyingi.

Aliyeambukizwa bila kuugua huweza pia kumwambukiza mbu anayemuuma, kwa hiyo kumwekea chandarua mgonjwa peke yake hakutoshi. Mbu huyu huuma mchana na hutaga katika maji tunayoyaweka wenyewe: mapipa, madumu, vifuu vya nazi vilivyotupwa uani. Wazee wa Lamu waliweka visamaki ndani ya birika la nyumba ili wale viluwiluwi, na naona ni hasara kubwa kwamba tumejenga matangi mengi yasiyo na samaki wala kifuniko.

Cheti cha majibu yako ya maabara kihifadhi. Ukipata homa siku yoyote, kichukue uende nacho hospitali, tumia parasetamoli, wala usiguse aspirini au ibuprofeni kabla dengi haijaondolewa shaka, kwani huongeza kutoka damu. Homa ikishuka usijihesabu umepona, kwani hatari huja wakati huo: tumbo likiuma sana, ukatapika mfululizo au fizi zikatoka damu, rudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.