Kabla kanisa halijampeleka mhamiaji shambani

Ndugu uliyeuliza kanisa lenu la Kisauni, Mombasa, linunue nini kwanza kabla ya kuzihamishia zile familia mbili zilizolazimika kuhama kwao huko Kinango, kaunti ya Kwale: msinunue kitu bado. Nimekaa kwenye kamati ya namna hiyo kwa miaka, na kinacholeta ugomvi mara nyingi si njaa, ni ardhi.

Hujasema ni watu gani. Kama ni wakimbizi kutoka nchi nyingine, hawahami wapendavyo. Idara ya Huduma za Wakimbizi ndiyo inayotoa ruhusa ya kuishi nje ya kambi, na bila hiyo mtawaponza. Mkenya aliyefurushwa kwao ni raia, anaishi popote, na ipo sheria ya mwaka 2012 inayomlinda. Hilo likikaa sawa, nendeni kwa chifu na wazee wa kijiji, mkae barazani na majirani wote, Waislamu kwa Wakristo. Fulana za kanisa ziacheni nyumbani.

Sasa ardhi. Huku Pwani mtu anaweza kumiliki mnazi uliosimama kwenye ardhi ya mwingine. Ndiyo maana anayeazimwa shamba huachiwa alime mahindi, kunde, hata muhogo, lakini akipanda mti wa kudumu huonekana anajitafutia umiliki. Tulimpeleka mama mmoja upande wa Kaloleni, mchapakazi kweli. Msimu wa pili akapanda miche minne ya miembe nyuma ya nyumba, apate kivuli. Vijana wa mwenye shamba wakaja na majembe wakaing'oa yote. "Mama, tulikukaribisha ulime. Urithi hatukukupa." Ikabidi tukae chini ya mkorosho tangu adhuhuri hadi magharibi, yakaandikwa: atakaa miaka mingapi, apande nini, na akiondoka mavuno yaliyo shambani ni ya nani. Wazee wakatia sahihi, chifu akagonga muhuri. Wale vijana hadi leo humsalimia kwa shingo upande, ila hawajarudi na majembe.

Si mambo mapya haya. Watumwa watoro waliokimbilia misheni ya Kikristo ya Rabai, huku huku Pwani, waliishi roho mkononi hadi Januari 1889, mabwana zao walipolipwa fidia na wao wakapewa hati za uhuru. Sala zilikuwapo miaka yote hiyo. Karatasi ndiyo haikuwapo.

Ya msaada ni mafupi. Msishushe magunia ya unga mlangoni kwa wageni huku jirani, ambaye naye mvua ilimtupa, anatazama. Wekeni tangi la maji pale shuleni, kila mtu achote. Wahamisheni kabla ya masika, Machi isiwapite, la sivyo mtawalisha hadi mvua za vuli. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua za uhamisho wa shule vishughulikieni mkiwa bado Mombasa, maana kuvifuata kutoka Kinango nauli itawamaliza.