Tukiachana, mtoto anakaa na nani? Maswali yenu

Swali: Mume wangu ana mshahara mzuri, mi sina kazi. Si watampa yeye watoto?

Dada, pesa peke yake haikupokonyi mtoto. Mwenye nacho anaamriwa kutoa matunzo hata kama mtoto haishi kwake, ndo kazi ya hiyo amri. Hakimu anachotaka kujua ni nani anaamka usiku mtoto akiwa na homa, nani anaenda kikao cha shule, nani anajua kiatu saizi gani, yani maslahi ya mtoto kwanza, na aliyekuwa anafanya hayo kila siku ana nafasi kubwa maana mahakama haipendi kumvurugia mtoto maisha aliyozoea.

Swali: Mke wangu kachepuka, meseji zote ninazo. Nitashinda?

Kaka, hizo labda zikusaidie kwenye talaka. Kwenye malezi swali ni kama huyo mama anamlea vizuri, basi. Kama mchepuko wenyewe ni hatari kwa mtoto hapo sawa, leta ushahidi.

Swali: Mwanangu ana miaka 11, anataka kwangu. Watamsikiliza?

Ndio. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unasema asikilizwe kulingana na umri na ukomavu wake. Ila kusikilizwa sio kuamua. Na tafadhali usimkaririshe, mtoto akianza kusema "baba hatimizi wajibu wake wa matunzo" kila mtu anajua hayo maneno ya nani.

Swali: Hatoi hata senti, naweza kumkatalia asimwone mtoto?

Hapana, hivyo ni vitu viwili tofauti. Matunzo kamdai mahakamani, kumwona mzazi ni haki ya mtoto mwenyewe (kifungu cha 9 cha mkataba huohuo wa Haki za Mtoto), na ukizuia bila sababu inaweza kukugeukia wewe. Kama kuna kipigo hiyo ni habari nyingine kabisa, omba amri ya ulinzi haraka, na mahakama inaweza kusema waonane mbele ya msimamizi au wasionane kwanza.

Swali: Nikimchukua tu nikahamia nchi nyingine?

Usithubutu. Kuna Mkataba wa Hague wa 1980, mtoto wa chini ya miaka 16 akitoroshwa kati ya nchi wanachama anaweza kuamriwa arudishwe alikokuwa anaishi. Omba ruhusa kwanza.