Muulize Mwalimu wa Michezo: Chuo kinapata nini mwanangu akikimbia?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza mahindi na maharage hapa sokoni Katesh. Mwanangu wa pili ana miaka 19, amemaliza kidato cha sita mwaka huu, anakimbia mita 5,000. Kuna kijana amekuja nyumbani mara mbili, anasema yeye ni wakala na kuna chuo Marekani kitamsomesha bure miaka minne kwa sababu ya mbio. Anataka milioni mbili sasa hivi, halafu asilimia kumi ya huo ufadhili baadaye. Mume wangu anasema ni utapeli mtupu, hakuna chuo duniani kinachomlipia mtu ada ili akimbie. Mwalimu, chuo kinapata nini mwanangu akikimbia? — Mama K., Katesh*

Marahaba, mama. Mumeo amekosea jambo moja, jingine amepatia. Vyuo vya namna hiyo vipo kweli, na mtu wa hapo hapo Katesh amepitia kimoja. Gidamis Shahanga, aliyetuletea dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 kule Edmonton, na nyingine ya mita 10,000 mwaka 1982 kule Brisbane, aliwahi kuvaa fulana ya Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso. Waulizeni wazee wa hapo mjini. Ila huyo wakala msimpe hata shilingi moja. Nitamfikia.

Nianze na swali lako lenyewe, maana mzazi akijua chuo kinataka nini hadanganyiki kirahisi. Nachukua El Paso kwa sababu Watanzania tumo kwenye historia yake.

Chuo hicho kilianza mwaka 1914 kama shule ya madini, pembezoni mwa jangwa, ng'ambo ya mto ukiwa umefika Meksiko. Hakikuwa na jina kubwa. Mwaka 1961 kikamwajiri kocha wa mpira wa kikapu, Don Haskins, naye akawachukua vijana Weusi wakati ambapo vyuo vingi vya kusini mwa Marekani vilikuwa bado vimewafungia mlango. Tarehe 19 Machi 1966, kikiitwa Texas Western, kikaingia fainali ya taifa na wachezaji watano Weusi wa kuanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye fainali hiyo, kikaifunga Kentucky 72 kwa 65. Hapo ndipo jina la chuo cha mpakani lilipotajwa nchi nzima. Jina likijulikana, wanafunzi wanaomba nafasi, waliosoma pale zamani wanachangia fedha, watu wa mji wanajaza viwanja. Hicho ndicho chuo kinachopata, mama. Mkimbiaji wa nyika haingizi viingilio vya mlangoni kama mcheza kikapu, lakini analeta mataji, na taji linaandikwa kwa jina la chuo.

Riadha ikafuata njia ile ile. Miaka ya 1970 kocha Ted Banks alichukua wakimbiaji kutoka Kenya na Tanzania. Suleiman Nyambui wetu alikuwa mmoja wao. Mwaka 1980 alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow, na mwaka huo huo akawa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo vyote vya Marekani. Miaka mitatu baadaye ubingwa huo ukachukuliwa na Mtanzania mwingine wa El Paso, Zakarie Barie. Kati ya 1969 na 1981 timu ya nyika ya chuo hicho ilibeba ubingwa wa taifa mara saba.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye nafasi ya mwanao. Katika mbio za nyika hawaangalii nani kashika namba moja peke yake. Wanakimbia saba, wanahesabiwa watano wa kwanza wa kila timu, na namba zao zinajumlishwa. Timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Watu wako wakishika namba moja hadi namba tano, umepata 15, na chini ya hapo haiwezekani. Mwaka 1981 El Paso walipata 17. Kwenye fainali ya taifa! Nilipoisoma hesabu hiyo mara ya kwanza nilichukua kalamu nikaijumlisha mwenyewe: 1, 2, 3, 5, 6. Yule aliyeshika namba sita hakuna anayemkumbuka mtaani, lakini bila yeye 17 haipo. Makocha wa vyuo wanamtafuta bingwa, ndiyo, ila usiku hawalali kwa sababu ya mtu wa tano. Kwa hiyo kijana asiyekuwa bingwa wa Tanzania anaweza kabisa kuhitajika, mradi muda wake umepimwa uwanjani na saa inayoaminika, na cheti chake cha kidato cha sita kinaeleweka.

Turudi kwa wakala. Vyuo vikubwa vya michezo vya Marekani viko chini ya chama kinachoitwa NCAA, na kanuni zake haziruhusu mtu alipwe kwa asilimia ya ufadhili wa mwanafunzi. Mkikubali ile kumi kwa mia, mnaweza kumfungia mtoto mlango kabla hajaufikia. Mwambie kijana huyo awape jina la chuo na la kocha, basi. Anwani ya kocha ipo kwenye tovuti ya chuo husika, na kijana wenu amwandikie mwenyewe: muda wake wa mita 1,500 na 5,000, tarehe na uwanja alipoupata, matokeo yake ya kidato cha nne na cha sita. Kujisajili NCAA kuna ada yake inayojulikana, na inalipwa kwao moja kwa moja.

Mambo mengine matatu, mama, yasiwapite. Kwanza, asipokee fedha za zawadi za mbio za barabarani kabla ya kumuuliza kocha, hata kama ni laki moja ya mbio za kata. Pili, asikae nyumbani miaka akiendelea kushindana, kwa kuwa baada ya kumaliza shule saa ya NCAA inaanza kuhesabu na miaka ya kuchezea chuo inapungua. Nyambui aliingia chuo akiwa mtu mzima. Baadaye kanuni za umri zilikazwa. Tatu, "bure" waulizeni maana yake kwa maandishi. Ufadhili unaweza kuwa wa ada yote, au nusu, au robo, kwa sababu kocha wa riadha amezoea kugawa fungu dogo kwa watu wengi. Tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na fedha nyingi zinakwenda kwenye mpira wa Kimarekani na kikapu, huku vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo vikiwekewa ukomo wa wakimbiaji 17 wa nyika. Nafasi zimebana kuliko zamani.

Na ufadhili ni jambo linaloweza kuondolewa. Bob Beamon, mrukaji wa mbali wa Marekani, alikuwa El Paso. Aprili 1968 yeye na wenzake Weusi walitolewa kwenye timu kwa kukataa kushindana na Brigham Young, chuo cha kanisa ambalo wakati ule liliwabagua Weusi. Oktoba mwaka huo akaruka mita 8.90 kwenye Olimpiki ya Mexico City. Nakitaja kisa hiki kwa sababu nakipenda chuo hicho na sitaki ukipokee kama hadithi ya malaika. Mtoto aende akiwa na somo analolipenda, ili siku goti likiuma abaki na kitu mkononi.

La mwisho linaniuma mwenyewe. Nilikuwa na binti wa mita 1,500, mwembamba, mpole, akifika kona ya mwisho hakuna wa kumgusa. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani alimtaka. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu yake, cheti cha mtihani kina jina la baba wa kambo. Shule aliyosoma ilikaa na barua ya kuthibitisha majina miezi minne, kila nikienda naambiwa mkuu yuko semina. Niliikuta barua yenyewe chini ya kioo cha meza, haijasainiwa, imepata doa la chai. Muhula ulikuwa umeanza, nafasi ikapewa mwingine. Leo hii, mama, kabla hujalala, toa vyeti vya mwanao viweke kitandani kimoja kando ya kingine, msome herufi kwa herufi. Pakiwa na tofauti, kesho nendeni kwa wakili mkaandikishe hati ya kiapo, msisubiri barua ya kocha.

*Mwalimu, mimi nasoma mwaka wa pili chuo kimoja Dodoma. Tuko sita tunaokimbia kila asubuhi. Chuo kina timu ya mpira wa miguu na netiboli tu, riadha wanatuambia hakuna bajeti. Tuanzie wapi? — Mkimbiaji, Dodoma*

Mwanangu, tafuteni wa saba. Nimetoka kueleza hapo juu: saba wanakimbia, watano wanahesabiwa, na hao wawili wa mwisho wakimtangulia mtu wa timu nyingine wanamwongezea namba. Mbio za nyika hazihitaji uwanja. Zinahitaji njia ya kilomita nane mliyoipima, saa moja, na daftari. Andikeni muda wa kila mtu kila Jumamosi kwa wiki kumi, pamoja na jina, kozi na mwaka wa masomo. Kisha waandikieni wenzenu wa chuo cha jirani muwaalike asubuhi moja, mhesabu kwa namba kama nilivyoonyesha.

Mkimaliza, daftari lile na matokeo ya siku ile mpelekeeni mlezi wa wanafunzi. Msiombe bajeti ya riadha. Ombeni nauli ya watu saba kwenda kwenye shindano moja mlilolitaja jina na tarehe, na fulana saba zenye jina la chuo. Nimekaa kwenye vikao hivyo miaka mingi: ombi la "kuendeleza michezo" linaahirishwa, lakini nauli ya watu saba wenye majina mtu anaipigia hesabu pale pale.

Nitumie matokeo ya Jumamosi ya kwanza. Na niambie wa saba mmempata wapi.