Floraidi kwenye maji ya mfereji Malindi

Dadangu, umeuliza kama maji yetu ya Malindi nayo yatiwe floraidi kama Marekani ili meno ya watoto yasioze. Mi nasema hapana, na si kwamba ni sumu vile watu wanasambaza WhatsApp, kule mji wa Grand Rapids, Marekani, walianza 1945 na kuoza kwa meno kukapungua sana, saa hii kipimo cha Marekani ni miligramu 0.7 kwa lita. Shida ni kwamba hapa Kenya floraidi nyingine iko ardhini tayari. Nenda Nakuru ama Naivasha utaona watu meno yana madoa ya kahawia na vishimo, hayatakati hata wasugue vipi, manake floraidi kwenye visima vingi huko inapita kile kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita cha WHO, Shirika la Afya Duniani. Sasa sisi mfereji unaleta maji ya Baricho, ukikatika twarudi kisimani ama kwa mwenye mkokoteni, nani atajua mtoto amekunywa kiasi gani? Wapime visima kwanza, majibu yabandikwe watu wayaone. Huyo wako mdogo msugue kwa dawa ya meno yenye floraidi, kama hajafika miaka 3 tia kama punje ya mchele tu, na juisi za usiku wallahi mkataze kabisa.